Ubao wa Mawimbi Katika Saluni ya Recco

Jumatatu, 15 Septemba

Jumatatu saluni imefungwa, kwa hiyo nina muda wa kuandika, na leo nina la kuandika. Rafiki yangu Luisella amepata kazi Rotterdam, Uholanzi. Unesi wa chumba cha upasuaji, mkataba wa miaka mitatu, anaanza tarehe 24 Novemba. Ameniambia tukiwa tumekaa kwenye ukuta wa ufukweni, miguu inaning'inia, tunakula mkate wa jibini uliokuwa ukituunguza vidole. Nimemkumbatia, nimempongeza, nimefurahi kweli. Kisha nikaanza kuhesabu wiki kimoyomoyo. Zimebaki kumi kasoro.

Nahesabu kwa sababu mimi na Luisella tuna ahadi. Miaka tisa iliyopita tulinunua mbao mbili za kutelezea mawimbini, zilizokwisha kutumika, kwa kijana mmoja aliyeoa akakatazwa na mkewe. Mimi nilikuwa na miaka thelathini na saba, yeye thelathini na mitano, na Recco nzima, mji wetu mdogo huu, ilitucheka. Siku hiyo hiyo tuliapa kwenda kisiwa cha Sardinia, pwani ya magharibi, kupanda mawimbi ya kweli, si haya ya kwetu yanayofika ufukweni yameshachoka. Tumekwenda mara tatu. Mara zote Agosti, kwa sababu Agosti ndipo nchi nzima inafunga milango na kwenda likizo, na asiyekwenda watu humuuliza anaumwa nini. Mara zote tatu tulikuta bahari imelala kama supu iliyopoa. Bachisio, yule mzee anayetukodisha vyumba kule, alituambia mara ya mwisho: "Jamani akina mama, mawimbi nayo huenda likizo Agosti."

Leo nikamwambia Luisella, "Safari hii tunapanga kila kitu isipokuwa tarehe. Mizigo ikae mlangoni. Utabiri ukisema Maestrale inakuja, tunaondoka."

"Na feri?"

"Tunaiwahi kabla ya upepo."

Hapo ndipo penye kazi. Maestrale ndio upepo unaoleta mawimbi, lakini ukishavuma sawasawa feri hazitoki bandarini Genoa. Ukisubiri kuuona, umeshachelewa. Lazima uvuke siku moja kabla, bahari ikiwa shwari, kwa imani tu.

"Sawa, shoga," akasema Luisella. "Lakini usimwambie mtu. Tukitangaza tutajitia nuksi."

Huyu mwanamke anaogopa nuksi kuliko anavyoogopa damu, na damu ndiyo kazi yake.

Jumanne, 16 Septemba

Nimemkata Bi Ersilia nywele huku napiga mluzi. Ameniuliza kama nimepata mchumba.

Jumamosi, 27 Septemba

Nimehamishia ubao wangu saluni. Nyumbani haukai, maana Mama anaishi ghorofa ya chini yangu na hupanda bila kubisha hodi. Akiuona umetolewa stoo mwezi huu atajua, na akijua ataanza. Sasa umesimama ukutani kati ya madrayer mawili, mrefu, mweupe, na mimi kila nikipita naupapasa.

Siri imedumu saa moja na robo. Bi Ersilia alitoa kichwa kwenye drayer, rola zote zimesimama, akauliza:

"Nives, huu ubao ni wa kupigia pasi?"

"Ni wa baharini, Bi Ersilia."

"Sasa hivi? Vuli yote hii? Na umri huo?"

"Umri gani? Nina arobaini na sita."

"Ndiyo nasema."

Ikabidi nimweleze, na nikimweleza yeye nimewaeleza wote watatu waliokuwa wamekaa pale. Nikawaapisha wasimwambie Mama. Wakaapa. Kisha Bi Ersilia akatundika taulo lake bichi kwenye ncha ya ubao, akarudi chini ya drayer.

Jumapili, 28 Septemba

Chakula cha mchana kwa Mama, pansoti, zile tambi zilizojazwa mboga, zenye mchuzi wa kokwa za jozi. Nilifungua dirisha kidogo kwa sababu ya mvuke, akalifunga. Nilikuwa nimeosha nywele asubuhi, akanigusa kisogo kuona kama kimekauka. Mama anaamini kwamba binadamu huuawa na mambo mawili: upepo wa dirishani, na kuingia majini kabla ya saa tatu kupita tangu ale. Nilipokuwa mdogo alikaa ufukweni na saa ya Baba mkononi, akinihesabia dakika, watoto wa watalii wa Kijerumani wakiogelea na mkate mdomoni.

"Vuli hii nitapata siku chache za mafunzo ya rangi," nikamwambia. "Milano."

"Milano kuna ukungu," akasema. "Vaa skafu."

Nimemdanganya mama yangu na kumalizia sahani yake ya pansoti. Lakini nimweleze nini? Atasema nitapata nimonia. Atauguza kifua changu kisichouma mpaka Krismasi.

Jumamosi, 4 Oktoba

Bahari tuli. Hata mashua za wavuvi hazitikisiki.

Alhamisi, 9 Oktoba

Tuli.

Jumatatu, 13 Oktoba

UNAKUJA! Utabiri umebadilika asubuhi hii. Maestrale kuanzia Jumamosi tarehe 18, mawimbi ya mita tatu siku mbili mfululizo. Nimeruka jikoni mpaka Mama akagonga dari kwa ufagio. Nimempigia Bachisio.

"Upepo upo?" nikamuuliza.

"Yanasemwa mengi," akajibu. Kwa Bachisio hiyo ni ndiyo kubwa. Hajawahi kutuambia kwenye simu jina la ghuba anakotupeleka, wala kusema wimbi ni zuri. Anasema neno lililosemwa husikiwa na watu mia na kesho yake wote wako majini.

Maana yake feri ya Ijumaa jioni. Nimemtumia Luisella ujumbe wenye alama za mshangao kumi na nne. Hajajibu, yuko zamu.

Jumanne, 14 Oktoba

Luisella amejibu: "Ijumaa ni tarehe ngapi?"

Ni tarehe kumi na saba.

Ijumaa, 17 Oktoba

Sijawahi kugombana na Luisella namna hii, wala sitaki tena.

Tangu Jumanne nilimbembeleza. Kwetu Ijumaa peke yake si siku ya kuanza safari, na kumi na saba ni namba ya mkosi. Mbili hizo zikikutana, hata mwanamume mzima huahirisha kununua gari. Najua. Mimi mwenyewe leo asubuhi nimepita mbali na ngazi ya mpaka rangi. Lakini kuna kuogopa, na kuna kuogopa! Leo saa tisa mchana nilikwenda kwake nikiwa na mizigo ndani ya gari na ubao juu yake. Alifungua mlango akiwa na ndala.

"Siendi, Nives."

"Bahari ni shwari. Feri inaondoka saa mbili na nusu. Kesho haitatoka!"

"Kupanda meli Ijumaa ya kumi na saba ni kumchokoza Mungu."

"Mungu ana kalenda ya Recco ukutani?"

"Usikufuru, na mimi nimesimama mlangoni." Akashika bawaba ya mlango, maana mkosi ukitajwa lazima ushike chuma. "Utapita upepo mwingine."

"Na usipopita? Una wiki tano, Luisella! Au unataka usipite? Labda unaona afadhali ahadi kuliko wimbi lenyewe. Wimbi linaweza kukuangusha."

Hilo lilikuwa neno baya na nililijua likiwa bado mdomoni.  Alifunga mlango taratibu, bila kuubamiza, na afadhali angeubamiza.

Nimerudisha ubao saluni. Ningeweza kwenda peke yangu. Nilifika mpaka barabara kuu nikageuza gari, kwa sababu mawimbi bila yeye si yale tuliyoapia.

Jumapili, 19 Oktoba

Bachisio ametuma picha, bila neno hata moja. Wimbi limesimama kijani, limejikunja vizuri, na hakuna mtu hata mmoja juu yake. Nimeifuta. Kisha nimeirudisha.

Jumanne, 21 Oktoba

Mvua. Wateja sita, wote wameuliza. Bi Ersilia kasema, "Ngoja ngoja huumiza matumbo." Nimemwachia rangi dakika tano zaidi ya inavyotakiwa.

Jumamosi, 25 Oktoba

Luisella hajapiga. Mimi pia sijapiga, kwa kiburi, na kiburi hicho hakinipi raha yoyote.

Jumatatu, 27 Oktoba

Amekuja. Nilikuwa nafagia saluni iliyofungwa, nikaona mtu kasimama nje ya kioo na mfuko wa karatasi wenye mafuta. Focaccia, mkate bapa wa vitunguu. Nimefungua, tumekaa kwenye viti vya kuoshea nywele, tumekula.

"Ulisema kweli nusu," akasema mwishowe. "Naogopa. Si wimbi. Naogopa tukishakwenda, basi. Miaka tisa tumekuwa na kitu cha kungojea. Nikienda Rotterdam bila hicho, nitakuwa na nini na wewe?"

Macho yakanijaa machozi, nikamwambia ana kitunguu shavuni.

"Upepo ukija tena," akasema, "hata ukija siku gani, ninakwenda. Naapa."

"Shika chuma."

Akashika bomba la maji. Hasira yangu ya siku kumi iliishia palepale, nikacheka mpaka mkate ukanikwama kooni.

Jumatano, 29 Oktoba

Unakuja.  Maestrale kuanzia Jumapili tarehe 2 mchana, Jumatatu mawimbi. Feri ya Jumamosi jioni itatoka, ya Jumapili haitatoka kamwe. Luisella amebadilishana zamu na wenzake wawili na kumwahidi wa tatu keki. Mimi nimewaandikia wateja wa Jumanne na Jumatano. Bachisio kasema, "Njooni, nitachinja jogoo," naye si mtu wa kuchinja jogoo kwa utani.

Tatizo ni moja. Tarehe 2 Novemba ni siku ya marehemu. Miaka kumi na miwili sasa, tangu Baba afe, kila tarehe mbili nampandisha Mama makaburini kwa gari. Tunabadilisha maua, tunafuta marumaru, tunasimama. Hajawahi kukosa. Kumwambia uongo wa Milano ni kitu kimoja. Kumwacha Mama peke yake siku ya marehemu ili nikacheze na mawimbi, hilo sijui nitalitamkaje.

Alhamisi, 30 Oktoba

Nimeshuka kwa Mama saa moja jioni. Alikuwa mezani anasugua chombo cha shaba cha maua ya kaburini. Nilisimama pale kama mtoto aliyevunja kikombe.

"Mama, Jumapili sitaweza kukupeleka makaburini."

"Najua," akasema, anasugua. "Unakwenda Sardinia."

Nilikaa chini bila kuambiwa. "Nani kakwambia?"

"Ersilia kaniambia mwezi wa tisa. Kisha muuza samaki. Kisha padri kaniuliza kama hiyo suti yako ya mpira ni nzito ya kutosha. Mji mzima unajua, ulidhani mimi naishi Roma?"

"Mbona hukusema?"

"Nilikuwa nangoja uje mwenyewe. Wiki tano! Na mafunzo ya rangi, Milano! Wewe ndiye unayewafundisha wenzako rangi."

Nilitaka kucheka, nikaanza kulia. Nikamwambia naona vibaya kwa ajili ya Baba.

"Baba yako yuko pale juu miaka kumi na miwili, hajatoka hata siku moja," akasema Mama. "Nitamkuta Jumatatu, nitamkuta Jumanne. Hayo mawimbi utayakuta?" Akaweka kitambaa chini. "Halafu sikiliza. Miaka ishirini na sita alipika kwenye ile feri ya Sardinia. Siku ya marehemu hata moja hakuwa nyumbani, alikuwa majini anawakaangia watu samaki. Mimi leo nikisimama mbele ya yale marumaru sijui niseme naye nini. Sijazoea kumkuta pale. Naenda kwa ajili yako."

"Mimi naenda kwa ajili yako!"

Tukatazamana.

"Basi tumekuwa wajinga wawili," akasema, "na petroli yote ile." Akachukua kitambaa tena. "Mtoto akililia wembe, mpe. Nenda. Lakini nitakupa mzigo."

Nimemuuliza mzigo gani, hakusema. Na mimi miaka yote hii nilidhani huyu ndiye mlango uliofungwa.

Ijumaa, 31 Oktoba

Wateja kumi na mmoja. Nimewasuka, nimewakata, nimewapaka rangi, sikumbuki hata mmoja.

Jumamosi, 1 Novemba

Naandika ndani ya feri, bado imefungwa gatini. Tumo! Tumo ndani!

Mzigo wa Mama ulikuwa chungu cha maua ya krisantemo ya njano, makubwa kama kichwa cha Bi Ersilia siku ya harusi. "Mkiwa katikati ya maji, asubuhi, umpe baba yako," akasema, na kukifunga mwenyewe kwa mkanda wa kiti cha nyuma. Nikamshukuru, nikambusu. Kufika kona ya pili jasho likanitoka. Luisella! Krisantemo kwetu ni ua la marehemu tu. Humpelekei mgonjwa, humpelekei rafiki, huliingizi ndani ya nyumba ya watu walio hai. Mtu aliyekataa kupanda meli kwa sababu ya namba, atapanda na hilo?

Alikuwa anangoja barabarani na ubao wake. Akafungua mlango wa nyuma ili atupie begi. Akaona.

"Nives." Sauti ilikuwa ndogo sana. "Hilo ni nini?"

"Ni la Baba. Mama ameomba tulitupe baharini."

Mkono wake ulikuwa umeshashika chuma cha mlango, vidole vyeupe. Nikatazama saa ya gari. Nikamwambia kwamba akisema hapana nitaelewa, nitalirudisha kwa Mama na tutakimbia. Nilimaanisha. Akalitazama lile ua lililofungwa mkanda kama abiria.

"Nilikuwa na miaka tisa," akasema. "Safari yangu ya kwanza ya meli. Natapika kila kitu. Baba yako akatoka jikoni na aproni yake, akaniletea mkate mkavu na dagaa mmoja wa chumvi, akasema, kula, bahari haipendi tumbo tupu. Akakaa na mimi mpaka nikalala."

"Hujawahi kuniambia."

"Hukuwahi kuniuliza." Akafungua mkanda, akakitoa chungu kwa mikono miwili. Nikadhani anakishusha. "Fungua buti tuweke begi langu."

"Tuliweke ua kwenye buti, kama linakusumbua."

"Wewe una wazimu? Mtu mzima hawekwi kwenye buti." Akaingia mbele, akakaa, akalipakata. Njia nzima mpaka bandarini alikuwa amelishika hivyo, macho mbele, anasali kwa sauti ya chini.

Ndivyo alivyo hata sasa ninapoandika. Amekataa kulilaza chumbani, anasema ua hilo chumbani ni kifo cha hakika, na kuliacha peke yake ni utovu wa adabu. Atakaa nalo kwenye viti vya sebuleni mpaka asubuhi.

Jumapili, 2 Novemba

Tumelitupa kulipokucha, bahari nyororo kama hariri. Luisella ndiye aliyelitupa, kwa sababu mimi mikono ilinikataa. Akasema, "Asante kwa mkate, mzee." Mchana, tukiwa kwa Bachisio mbele ya jogoo, kidirisha cha jikoni kikaanza kugongagonga. Tukaacha kutafuna, sote watatu, tukasikiliza upepo.

Jumatatu, 3 Novemba

Sijui nianzie wapi. Naanzia kwenye simu.

Tulikuwa tumesimama juu ya mchanga na suti zetu, ghuba ya Bachisio mbele yetu, mawimbi yanaingia moja baada ya jingine, marefu, safi, kijani kile kile cha kwenye picha. Simu ikalia.

"Mmekula saa ngapi?" Mama.

"Saa mbili, Mama."

"Sasa ni saa ngapi?"

"Saa nne kasorobo." Sikutaka kumdanganya tena.

 Nikasikia saa ya Baba, ile ile aliyonihesabia ufukweni, inagonga karibu na simu.

"Ingia," akasema. "Dakika zilizobaki nitazihesabu mimi huku."

Nikaingia! Maji yalikuwa baridi ya kutoa machozi. Mawimbi manne ya kwanza yalinipiga kama zulia la kukung'utwa. Luisella alikunywa nusu ya bahari na kuitukana nusu iliyobaki. Bachisio, juu ya mwamba, alivuta sigara. Kisha likaja moja, nikaliona kutoka mbali likijikusanya, nikageuza ubao, nikapiga makasia kwa mikono, nikahisi linaninyanyua mgongoni, nikasimama. Nilisimama! Nikatazama kushoto na Luisella alikuwa amesimama pia, kwenye wimbi lile lile, magoti yamepinda, mdomo wazi, anapiga kelele jina langu. Nikapiga kelele la kwake. Tulikwenda hivyo mpaka ufukweni, hakuna aliyeanguka, mpaka mbao zikagusa mchanga.

Bachisio alitupa sigara. "Si baya," akasema. Huyu mtu hajawahi kusifu kitu tangu nimjue.

Jumanne, 4 Novemba

Feri zimesimama mpaka Alhamisi. Bi Ersilia amepiga simu, mizizi ya nywele zake imetoka nyeupe. Nimemwambia upepo ni amri ya Mungu. Tumerudi majini.

Ijumaa, 21 Novemba

Nimempeleka Luisella uwanja wa ndege, Mama akiwa kiti cha nyuma na mfuko wa chakula cha watu wanane. Mama alimfunga skafu akamwambia kule Uholanzi nchi nzima ni dirisha lililo wazi. Luisella alicheka, akalia, akacheka.

Tulipofika kwenye foleni ndipo nikakumbuka siku. Wiki mbili nilikuwa nimeiangalia tarehe bila kuiona.

"Shoga, leo Ijumaa. Hata tiketi ya Jumamosi ilikuwepo, mbona hukuchukua?"

"Niliiona," akasema. "Nimempakata baba yako usiku kucha mpaka Sardinia, Nives. Ijumaa itanifanya nini?"

Akapita. Hakushika chuma, nilikuwa namtazama mikono.

Ubao wake ameuacha kwangu mpaka vuli ijayo. Nimeusimamisha saluni kando ya wangu. Mchana huu Bi Ersilia ameingia, akatazama mbao mbili, akauliza upi ni wa Luisella, kisha akatundika taulo lake kwenye wangu.